Mche ndani ya sashe: udongo wa kuubadilishia na maji ya kuupa

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama kwenye pepinieri yetu hapa Uvira. Tumeyaandika kwa wale hawakufika siku ile, na kwa wafadhili wetu walio mbali.)



Leo tunasema juu ya miche ya miti iliyo ndani ya sashe: namna ya kuitoa katika sashe ndogo na kuiweka katika kubwa, udongo gani wa kuijazia, na maji kiasi gani ya kuimwagia. Pengine kuna mtu anasema moyoni: hilo ni jambo dogo, sisi tuko na shida kubwa za mashamba na za nyumba. Lakini kwa mtu aliyerudi, mche ndani ya sashe na shida ya shamba ni jambo moja. Tuanzie hapo.

Kwa nini sashe

Wengi wetu tulitoka hapa mwezi wa kumi 1996, vita ilipofika Uvira. Kuna walioingia Burundi, kuna waliovuka ziwa mpaka Tanzania, wakakaa Nyarugusu na Lugufu. Mwezi wa kumi 2005 meli za HCR zilianza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, na miaka iliyofuata wengine wakapitia mpaka wa Kavimvira wakitoka Burundi. Tulipofika tulikuta nini? Shamba la baba linalimwa na mtu mwingine miaka kumi sasa. Ao limeuzwa mara mbili. Ao mzee aliyejua mpaka unapita wapi amekufa. Kesi inakwenda kwa chefu wa lokalite, kisha kwa mwami, kisha kortini, na misimu inapita.

Wakati tunangoja, tunalima katika mashamba ya watu. Na sharti la mtu anayekuazima shamba sote tunalijua: panda maharagwe, panda mahindi, hata muhogo ukitaka, lakini mti hapana. Mti ni kama sahihi juu ya karatasi. Mchikichi, ule tunaita mugazi, unakaa zaidi ya miaka 20. Aliyeupanda atasema hapa ni kwangu, na watoto wake watasema vilevile. Mwenye shamba anaogopa, na hatumlaumu. Sisi wenyewe tungeogopa. Ndiyo maana mtu aliyerudi anaweza kulima misimu mitano ao sita na asiwe na mti hata mmoja wa kumpa mawese ao avoka.

Sashe inasaidia hapo. Mche ulio ndani ya sashe haugusi udongo wa mtu. Unauweka nyuma ya nyumba ya kupanga, na siku ya kuhama unahama nao. Na kuhama, hapa kwetu, tunakujua. Mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukachukua nyumba na watu kwa makumi, na penye bustani pakabaki mawe na mchanga. Miaka hii ziwa nalo limepanda, wakaaji wa pembeni ya maji wakapandisha vyombo vyao juu. Mti wa miaka mitatu haung'olewi ukabebwa. Sashe inabebwa juu ya kichwa.

Lakini tusijidanganye: sashe ni chumba cha kupanga, si nyumba. Mche unaosahauliwa ndani ya sashe ndogo mwaka mzima unazeeka ungali mdogo. Mizizi inagonga plastiki, inageuka, inazunguka kama kamba ndani ya kikapu. Siku shamba linapopatikana, unaupanda katika udongo mzuri, na bado unadumaa, ao upepo wa kwanza unaulaza chini. Hapo hatupoteza bei ya sashe. Tunapoteza miaka. Mchikichi uliotunzwa vizuri katika pepinieri kwa muda wa mwaka hivi, ukishapandwa, unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu ao zaidi kidogo. Ukifa, unaanza kuhesabu tena kutoka moja.

Basi neno letu la leo ni hili: mche unaweza kungoja shamba, kama tunaubadilishia udongo na sashe kwa wakati wake, na kama maji tunayapima kwa udongo, si kwa saa ya ukutani.

Makopo matatu

Hapa juu ya meza tuko na makopo matatu ya ukubwa mmoja, yote yametobolewa matundu sawa chini. La kwanza tumejaza udongo mweusi wa bonde la Ruzizi peke yake, ule unaoshikamana mkononi. La pili, mchanga wa mto, ule wa kujengea. La tatu, mchanganyiko tutakaoueleza. Kila kopo tunalimwagia kikombe kimoja cha maji, polepole. Tazameni.

Kopo la mchanga: maji yametoka chini hata kabla hatujaweka kikombe mezani. Kopo la udongo mzito: maji yamesimama juu kama dimbwi la barabarani, yanaingia kwa shida. Kopo la mchanganyiko: yameingia, yakangoja kidogo, yakaanza kudondoka chini, sasa yanaacha. Mukirudi kesho na kuingiza kidole, mchanga utakuwa umekauka, udongo mzito utakuwa bado matope kule chini, na mchanganyiko utakuwa na unyevu bila matope.

Makopo matatu, kikombe kilekile. Sasa niambieni: mtu akisema «mimi nauwekea mche wangu kikombe kimoja kila siku asubuhi», amefanya vizuri ao vibaya? Hatuwezi kumjibu mpaka atuonyeshe udongo wake. Katika mchanga, mche wake una kiu. Katika udongo mzito, mche wake unazama.

Kuzama ndiko kunaua miche mingi kuliko kiu, na watu wengi hawajui, juu mche unaozama na mche wenye kiu wanafanana. Mzizi unapumua, kama sisi. Shambani udongo mzito unasaidiwa: minyoo inautoboa, mizizi ya zamani ikioza inaacha njia, na maji yako na mahali pa kushuka. Ndani ya sashe hakuna msaada huo. Udongo unakaza, hewa inatoka, chini panabaki matope. Mzizi unakufa kwa kukosa hewa, na mzizi uliokufa hauwezi kupandisha maji, jani linalegea. Mama wa nyumba anaona jani limelegea, anasema «masikini, ina kiu», anaongeza maji. Hapo ndipo mche unakwisha.

Kila mmea una matakwa yake. Juu huko katika msitu wa Itombwe kuna maua ya okidi yanayomea juu ya matawi ya miti, mizizi iko nje katika hewa, imeshika magome na takataka za majani tu. Okidi ile ukiifukia katika udongo wa shamba la mahindi, inaoza. Haijafa kwa njaa, imekosa kupumua. Mchikichi na avoka hawako vile, wanataka udongo, lakini hata wao wanadai hewa. Avoka hasa: ukiacha mguu wake katika matope, mizizi inaoza upesi sana.

Vitu vya kuchanganya, na kazi ya kila kimoja

Hatununui kitu kutoka mbali. Tunatumia vilivyo hapa.

Udongo wa juu. Ule wa sentimeta 15 ao 20 za kwanza, mweusi, kutoka chini ya mti ao katika shamba lililopumzika. Ndio chakula na ndio unashika maji. Chekecha, toa mawe na mizizi. Udongo mwekundu wa chini, unaotoka penye watu wanachimba choo ao msingi, tusiutumie.

Mchanga wa mto. Kazi yake ni kufungua njia ya maji na hewa. Chukua wenye chembe kubwa. Ule laini kama unga, unaobaki mafuriko yakikauka, unaziba kuliko kufungua.

Mbolea ya ng'ombe ao ya mbuzi, iliyooza. Iliyooza ni ipi? Haina harufu kali, haina moto ukiingiza mkono, inavunjika kama udongo. Mbichi inaunguza mizizi. Ya kuku ni kali zaidi. Ikikosekana nyingine, tia nusu yake tu, na iwe imekaa miezi mingi.

Maganda ya mpunga. Penye mashine za mpunga huko bondeni, Sange, Luvungi, Kiliba, yanalala kwa malundo. Ni mepesi, yanaleta hewa. Lakini maganda mabichi yakianza kuoza ndani ya sashe yanakula nguvu ya udongo, na mche unageuka rangi ya njano. Dawa ni kuyachoma polepole mpaka yawe meusi. Tunawasha moto mdogo, tunaufunika kwa kopo kubwa lenye matundu, tunazungushia maganda kama kilima, tunageuza kwa fimbo. Yakishakuwa meusi yote, tunamwaga maji mara moja. Tukichelewa yanakuwa majivu meupe, na majivu hatuyataki ndani ya sashe. Sababu tutaisema tukifika kwenye maji.

Vipande vya makala. Lile vumbi la chini ya gunia tunapepeta, tunaacha vipande vidogo kama punje za mahindi. Kazi yake ni sawa na ya maganda meusi: hayaozi upesi, kwa hiyo udongo haushuki.

Unga wa mbao wa kwa maseremala. Tutumie uliokaa nje mvua mbili, umegeuka mweusi. Mpya una ubaya ule wa maganda mabichi.

Vipimo vyetu tunapima kwa ndoo moja. Udongo wako ukiwa wa kawaida: ndoo 3 za udongo, 1 ya mchanga, 1 ya mbolea. Udongo wako ukiwa mzito: ndoo 2 za udongo, 1 ya mchanga, 1 ya maganda meusi ao makala, 1 ya mbolea. Mche ambao unajua utangoja muda mrefu, tumia hiki cha pili, hata kama udongo wako si mzito sana, juu mchanganyiko ule unabaki wazi kwa muda mrefu bila kukaza.

Kabla ya kujaza, fanya mtihani wa ngumi. Lowanisha kidogo, kamata kiganja kimoja, finya, fungua. Ukibaki donge gumu linalong'aa, ongeza mchanga ao maganda meusi. Ukimwagika wote bila kushikana, ongeza udongo na mbolea. Ukishikana, kisha ukavunjika unapougusa kwa kidole, uko sawa.

Na neno moja juu ya kokoto. Wengi wetu tumezoea kuweka mawe madogo chini ya sashe ao chini ya ndoo, tukisema maji yapite. Hayasaidii. Maji yanasimama katika udongo ulio juu ya kokoto, na wewe umeupunguzia mche chumba. Weka mchanganyiko mzuri mpaka chini, na toboa matundu ya kutosha, chini na pembeni kwa chini. Hayo ndiyo yanapitisha maji.

Kuhamisha mche

Wakati gani? Tazama mche, kisha tazama majira.

Mche wenyewe unasema. Mizizi inachungulia kwenye matundu. Maji unayomwaga yanapita upesi bila kulowanisha kitu, juu ndani imebaki mizizi tu. Asubuhi umemwagia, mangaribi sashe ni nyepesi kama jani kavu. Mchikichi unatoka katika sashe ndogo baada ya miezi mitatu ao minne, ukiwa na majani matatu ao manne, unaingia katika sashe kubwa, yenye kimo cha sentimeta 40 hivi, na humo unakaa miezi minane mpaka kumi.

Majira nayo yanasema. Kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa ao wa kumi na inakwisha mwezi wa tano. Kiangazi ni mwezi wa sita mpaka wa tisa. Kupanda shambani ni mwanzo wa mvua. Kama mwezi wa kumi na mbili umefika na kesi yako ya shamba haijaisha, jua kwamba mche wako utapita kiangazi kingine ndani ya sashe. Usingoje mwezi wa saba ndipo ushtuke. Uhamishe mwezi wa pili ao wa tatu, mvua ingalipo, mizizi ipate miezi miwili mitatu ya kushika chumba kipya kabla jua halijakaza.

Namna ya kufanya ni hii. Jana yake mwagia mche maji vizuri, udongo ushikane na mizizi. Mchanganyiko mpya nao uwe na unyevu, usiwe mkavu. Jaza sashe kubwa mpaka kimo ambacho, ukiweka mche juu yake, shingo yake itakuwa sawa na ilivyokuwa. Kisha chana sashe ya zamani kwa wembe, usivute mche kwa shina.

Sasa tazama mizizi, juu ndio siku pekee unaiona. Mizizi myeupe ao ya rangi ya kahawia isiyo nzito, migumu: mizima. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu ya matope ya bwawani: ulikuwa unazama, kata iliyooza kwa wembe safi na punguza maji kuanzia leo. Kwa avoka na embe, mzizi uliozunguka chini ukatwe pale unapoanza kuzunguka. Ukiuacha utaendelea kuzunguka hata shambani. Kwa mchikichi, usikatekate mizizi mizima. Uhamishe na donge lake zima.

Weka katikati, jaza pembeni kidogo kidogo, gongagonga sashe chini ili udongo ujipange. Usishindilie kwa ngumi wala kwa kisigino. Hewa tuliyoitafuta kwa maganda na mchanga utaifukuza kwa dakika moja. Usifukie shingo. Acha nafasi ya vidole viwili juu, ndiyo bakuli la maji. Mwagia mpaka yatoke chini. Weka chini ya kivuli cha majani ya mugazi siku 7 mpaka 10, kisha ufungue kivuli kidogo kidogo. Mbolea nyingine usiongeze mpaka jani jipya litokee.

Maji

Tunafika kwenye maji, na hapa tunaomba musikie vizuri.

Kwanza, tupime kwa kidole na kwa mkono. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kama kuna unyevu, ngoja. Kama ni kavu, mwagia. Ao inua sashe: ukisha kumwagia, inua usikie uzito wake, kesho inua tena. Baada ya juma moja mkono wako utajua kuliko sisi.

Pili, ukimwagia, mwagia kweli. Maji yaingie polepole mpaka yadondoke kwenye matundu, kisha uache mpaka siku kidole kitakapokuambia tena. Kunyunyiza kidogo kila siku juujuu kunalowanisha kidole kimoja cha udongo. Mizizi inabaki juu, na siku ukisafiri inakauka yote. Tumia kopo lililotobolewa matundu madogo, maji yashuke kama mvua, yasichimbe shimo.

Tatu, ni asubuhi. Mangaribi inawezekana wakati wa kiangazi, lakini majani yasilale na maji.

Ine, ukibadilisha udongo, badilisha na desturi yako ya maji. Hili ndilo tunataka kila mtu aondoke nalo. Mche uliotoka katika udongo mzito na kuingia katika mchanganyiko wenye maganda meusi utataka maji mara nyingi zaidi kuliko zamani. Na mche mdogo ulioingia katika sashe kubwa, majuma ya kwanza, utataka mara chache zaidi, juu mizizi yake bado haijafika pembeni na udongo ule mwingi unakauka polepole. Mtu anayeendelea na kikombe chake kilekile kama jana, anauwekea mche wa leo maji ya mche wa jana.

Tano, maji ya wapi? Wengi tuko karibu na ziwa, na ni rahisi kuchota pale. Maji ya Tanganyika si chumvi kama bahari, lakini yana magadi na chumvichumvi kuliko maji ya mito inayotoka milimani. Ruzizi inaleta chumvichumvi kutoka Kivu, na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji mengi yanaondoka kwa jua, na jua halichukui chumvi. Ndani ya sashe jambo lilelile linafanyika kwa udogo: maji yanakauka, chumvi inabaki. Utaona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua.

Kwa hiyo, kwa sashe, maji ya mvua ndiyo ya kwanza, ya mto ndiyo ya pili: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira, mto ulio karibu nawe. Mto ukiwa na matope baada ya mvua, acha maji yatulie ndani ya bidoni mpaka matope yashuke, juu matope laini yanaziba uso wa udongo. Kama huna ila ziwa, tumia, lakini mwagia mengi yapite chini yasukume chumvi nje, na mara moja moja pitisha maji ya mto. Na ndiyo sababu tulisema majivu hapana: yanaongeza magadi juu ya magadi.

Maji ya robine ni ya watu. Uvira inaijua kolera. Siku robine inatoa kidogo, mtu wa kwanza ni mtoto anayekunywa, si mche. Na watoto tunaowatuma ziwani kuchotea miche wasinywe pale, na wakirudi wanawe mikono kwa sabuni.

Sita, hesabu bidoni kabla ya kuhesabu miche. Sashe kubwa inaweza kutaka lita moja kila unapomwagia wakati wa jua. Sashe 20 ni bidoni nzima ya lita 20. Sashe 60 ni bidoni tatu, na kiangazi pengine kila siku ya pili. Nani atazibeba? Mama mwenye bidoni moja na mgongo mmoja, miche 20 iliyo hai ni bora kuliko 60 iliyokauka mwezi wa nane. Musione haya kukataa miche. Tandika juu ya udongo nyuzi kavu za ngazi zilizokaa, ao majani makavu, bila kugusa shina. Jua halitakunywa yote.

Neno kwa wafadhili

Ndugu wafadhili, tunawashukuru kwa miche. Tunaomba mutusikilize kwa mambo matatu.

La kwanza: musihesabu miche siku inapogawanywa. Njooni muihesabu mwezi wa kumi, kiangazi kimekwisha. Hesabu ile ndiyo itatuambia ukweli, sisi na nyinyi.

La pili: kuna miche iliyowahi kufika mwezi wa saba, wakati ardhi inaunguza mguu, ikagawanywa kwa watu wasio na shamba, ndani ya sashe ndogo. Watu waliipokea kwa shukrani, wakaangalia inakauka. Franka zinazonunua mche mmoja zaidi, afazali zinunue sashe kubwa, ndoo, na safari ya gari la maganda ya mpunga kwa mche uliopo tayari.

La tatu: mche unangoja shamba, na shamba linangoja makaratasi na vikao. Munaposaidia mwanachama kufika mbele ya chefu na mashahidi wake, ao kuandika mapatano na mwenye shamba, munasaidia mti. Kuna wenye mashamba wanaokubali miti kama imeandikwa wazi: miti mingapi, matunda yanagawanywa namna gani, kwa miaka mingapi, na kwamba ardhi inabaki ya nani. Kamati yetu inasaidia kuandika karatasi hiyo na kutafuta mashahidi wa pande zote mbili. Woga wa mwenye shamba unapungua anapoona jina lake limeandikwa kwanza.

Na sisi wanachama, sashe isitusahaulishe kesi. Mche mzuri nyuma ya nyumba unaweza kumfanya mtu atulie, aseme «nina miti yangu». Bado huna. Uko na mti unaongoja. Mwezi wa pili unapoubadilishia sashe, jiulize: tangu nilipoujaza mara ya mwisho, kesi yangu imesogea? Kama haijasogea, njoo kwa kamati.

Mwisho, kazi ya nyumbani. Kila mmoja atafute kopo, alitoboe chini, alijaze udongo wa nyuma ya nyumba yake na alimwagie kikombe kimoja kama tulivyofanya hapa. Siku tatu mfululizo aingize kidole. Kisha alete kopo lile kwenye mkutano ujao, pamoja na mche wowote unaomsumbua. Tutayapanga makopo yote juu ya meza hii, tutaona nani anahitaji mchanga, nani maganda, nani mbolea, na tutachanganya pamoja. Maganda meusi yako tayari, gunia ziko pale pembeni ya ukuta. Kila mtu ataondoka na ndoo moja.

Maswali sasa.